Nilifanyiwa operesheni ya kutoa matiti, kifua kikavimba upya: yaliyonikuta mpaka kikatulia

Wakuu, nawasalimu popote mlipo, mlio kazini na mliojifungia chooni na simu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa nadra. Leo naandika kwa sababu kuna kijana juzi aliuliza kuhusu matiti kwa mwanaume. Nusu ya majibu ilikuwa vicheko, nusu nyingine dawa za kupaka. Jioni nikakuta ameufuta uzi wake.

Nilimwonea huruma. Njia anayopita nimeipita.

Haya ninayosimulia yamenipata mimi, kwenye mwili huu ninaouvalisha kila siku. Chumvi sitatia. Pale nisipojua nitasema sijui.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni kinyozi. Nina saluni ya kiume pale Njoro, Moshi mjini, tuko wawili, mimi na mwenzangu Eli. Kwetu ni Uru, huko juu kwenye migomba na kahawa. Nina mke anaitwa Judith, na tuna binti mmoja.

Sasa tatizo lenyewe.

Lilianza nilipokuwa naingia kidato cha kwanza. Chuchu zikaanza kuuma, kisha zikavimba. Mama akasema ni ukubwa unakuja, zitapotea zenyewe. Kwa wenzangu zilipotea kweli. Kwangu ziliamua kujenga kabisa.

Na nilikuwa mwembamba, ndiyo iliyokuwa ajabu. Mikono myembamba, miguu kama ya korongo, halafu kifuani vitu viwili vimesimama kama vya msichana. Shuleni wakanibatiza Fresiani. Kwa wasiojua, huyo ni ng'ombe wa maziwa, na kwetu karibu kila boma lina mmoja bandani. Jina lile lilinifuata hadi namaliza kidato cha nne.

(Cheka tu mkuu, hata mimi siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka.)

Asiye na tatizo hili hajui kwamba kujificha ni ajira. Unajifunza kukunja mabega. Unavaa singlendi ya kubana, juu yake fulana, juu yake shati. Moshi mjini jua linawaka, watu wamevaa kaptula, wewe uko na sweta na jasho linakutiririka mgongoni. Nilikuwa napenda sana kwenda nyumbani Uru, na watu walidhani nina mapenzi makubwa na wazazi. Wazazi nawapenda, lakini pia kule juu kuna baridi. Sweta haliulizwi maswali.

Mpira niliacha kwa sababu ya ile "timu moja wavue mashati". Bwenini nilikuwa naoga kabla ya kengele ya kuamka.

Hata ukinyozi, nikikaa nikifikiri, naona niliupenda kwa sababu ya aproni. Lakini kazi hii ina kitu kinaitwa kioo. Kinyozi anasimama mbele ya kioo tangu anafungua mpaka anafunga. Kila nikinyanyua mkono kumnyoa mtu, namwona yeye, halafu najiona mimi, aproni imejaa kifuani. Mteja anatazama kama ndevu zimekaa sawa. Mimi nina uhakika ananitazama matiti.

Push-up nilipiga mpaka nikachoka. Misuli ikaja, ikayasukuma mbele. Hasara juu ya hasara.

Kilichonitoa nyumbani kwenda hospitali ni binti yangu. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuongea vizuri. Siku hiyo nyumbani kuna wageni, shemeji zangu wa kiume, tunakula. Mtoto akapanda mapajani kwangu, akaweka kiganja kifuani, akauliza kwa sauti kubwa ya kanisani:

"Baba, na wewe unanyonyesha nani?"

Shemeji mmoja akapaliwa. Judith akambeba mtoto, akasema kuna katuni.

Wageni walipoondoka Judith akanifuata uani. Huyu mwanamke alijua tangu uchumba na hajawahi kunitania hata siku moja. Akaniambia, "Baba Careen, mimi sina shida na kifua chako. Lakini wewe una shida nacho. Nenda hospitali wakuangalie, tujue ni nini."

Nikaenda. Hospitali siitaji, ni hapa hapa mkoani.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilivyoona ni mwanamke nikataka kusema nimekosea mlango. Akaniambia vua shati, akapapasa, akaniuliza maswali mengi. Natumia dawa gani, nakunywa pombe kiasi gani, kuna uvimbe mwingine wowote, hata sehemu za siri. Akanipeleka kupima damu na homoni, nikapigwa ultrasound. Majibu yakaja safi.

Akanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Ni tishu ya matiti, ngumu, imekaa nyuma ya chuchu. Wavulana wengi wanaipata wakati wa balehe na inaondoka. Kwangu ilikaa miaka mingi, imekomaa, haiondoki kwa dawa wala kwa mazoezi. Kama inanisumbua, dawa yake ni kuikata.

Nikamwambia inanisumbua.

Operesheni yenyewe sina la kusimulia, nililala. Nilipoamka kifua kimefungwa bandeji, kuna mrija mwembamba unatoka kila upande kwenda kwenye kichupa, unatoa majimaji yenye damu. Maumivu yapo, ni kama umepigwa teke na ng'ombe halafu akarudia.

Mrija ukatolewa, bandeji ikafunguliwa. Wakuu, nilitazama chini nikaona miguu yangu.

Mnaelewa hicho kitu? Nilitazama chini, moja kwa moja, nikaona vidole vya miguu bila kizuizi. Nikalia. Nesi akanipa tishu akasema wengi wanalia hapo.

Nikavalishwa singlendi maalum ya kubana, ile ya hospitali, ngumu kama mshipi. Maelekezo: vaa usiku na mchana, usinyanyue vitu vizito, usinyanyue mikono juu ya mabega mpaka tukuruhusu, rudi kliniki tarehe tutakayokupa.

Mama akashuka kutoka Uru kuja kuniuguza. Alikuja na ndizi, nyama na maziwa, akaanza kunipikia mtori. Kwetu mtori ni chakula cha mwanamke aliyejifungua, anakaa ndani analishwa mpaka anang'aa. Asubuhi mtori, jioni mtori. Judith akawa anacheka, "Mama mkwe, huyu kajifungua mapacha nini?" Mama naye bila kucheka, "Kifua ni kifua. Kinataka mtori."

Nilinenepa.

Ngoja nimnyoe mzee mmoja hapa kaingia, narudi.

...

Nimerudi. Tuendelee.

Baada ya wiki chache nikajiona mzima. Kidonda kimefunga, alama ni mstari mwembamba unaofuata ukingo wa chuchu, hata huuoni vizuri. Saluni wateja wangu wanamsumbua Eli, wengine wameanza kunyoa kwingine. Nikarudi kazini.

Joto lilikuwa la Januari. Mnalijua joto la Januari Moshi. Ile singlendi ya kubana ikanipa vipele na harufu. Nikaanza kuivua mchana na kuivaa nikifika nyumbani. Baadaye nikawa naisahau hata nyumbani.

Na mikono juu. Mkuu, kunyoa ni mikono juu. Kichwa kwa kichwa, asubuhi mpaka jioni.

Siku moja namchonga mtu ndevu, nikatupa jicho kwenye kioo. Nikaona aproni imejaa.

Nikadhani ni mkunjo wa nguo. Nikamaliza yule mteja, nikaenda choo cha nyuma, nikavua. Chuchu zote mbili zimevimba, zimechongoka kama zamani. Kushoto kumezidi kulia. Nikibonyeza, kulia kuna kitu kigumu kama gololi ndani. Kushoto kunachezacheza kama puto lenye maji.

Nikakaa juu ya ndoo.

Niwaambie ukweli, kipindi kile kilikuwa kibaya kuliko miaka yote ya Fresiani. Zamani nilikuwa sina matumaini, nimezoea. Sasa nilikuwa nimeonja. Nilishaona vidole vyangu vya miguu, nilishamwambia Judith tutaenda chemchemi kuogelea, nilishanunua fulana nyeupe. Fulana nyeupe, mimi! Iko kabatini bado na lebo yake.

Nikarudi kwenye sweta.

Judith akaniambia rudi kwa daktari. Nikakataa. Nilikuwa nimemkasirikia yule mama. Nilijua kabisa kichwani kwangu kwamba amebakiza nyama, kwamba kazi imemshinda. Tarehe ya kliniki ikafika nikaipita. Nilikuwa naona nikienda atanidanganya tu.

Badala yake nikaingia mtandaoni. Hapo ndipo mtu anapotea, ndugu zangu. Kuna picha za watu waliopona wamekuwa kama sanamu, na hakuna anayekuambia ile picha ya pili ilipigwa baada ya muda gani. Nikapata mtu anajitangaza kuwa ni bingwa wa kurekebisha operesheni zilizoharibika, yuko Nairobi. Nikamtumia picha ya kifua. Hakuniuliza nimefanyiwa lini. Akajibu kwa haraka, "Gland ya titi imebaki. Njoo tuitoe, utaondoka siku hiyo hiyo."

Nikampenda palepale. Alisema nilichotaka kusikia.

Kipindi hicho nilikuwa nimeshaweka swali jukwaa la afya humu humu, kwa ID nyingine. Watu wawili watatu wakajibu. Mmoja akaandika mstari mmoja tu: "Kabla hujapasuliwa mara ya pili, nitafute." Akanitumia namba kwenye PM. Anafanya biashara ya mahindi Himo. Nitamwita kaka Deo, jina lake si hilo.

Himo iko njiani. Nilipanga kwenda Nairobi kwa kupitia Himo, nivuke mpaka wa Kenya pale Holili. Nikasema nitamsalimia dakika chache halafu niendelee.

Asubuhi ya safari Judith alinisindikiza mpaka barabarani. Hakukubaliana na safari, na hakunizuia. Alinifunga kola ya jaketi kama anayempeleka mtoto shule, akasema, "Huyo mtu wa Himo msikilize kwanza mpaka amalize. Usimkatize kama unavyonikatiza mimi."

Nikafika Himo, nikauliza, nikaelekezwa stoo yake. Jamaa mrefu, mweusi, ana kitambi kidogo, amejaa vumbi la mahindi kwenye nyusi. Ananizidi umri kiasi.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba mdogo wangu. Begi hilo la nini?"

"Naenda Nairobi leo."

Akawaambia wapakiaji wake waendelee na lori, akanichukua mpaka nyuma ya magunia, mahali ambapo hakuna mtu. Akavua shati.

Wakuu, sitasahau.

Upande wa kulia kifua chake kilikuwa kawaida. Upande wa kushoto kulikuwa na shimo. Naongelea shimo, kama mtu amechota ugali kwa mwiko. Chuchu imezama chini, imeshikana na misuli, na alipokunja mkono ile chuchu ikavutwa ndani zaidi kama kitovu.

"Mimi nilivimba kama wewe," akasema. "Nikaona wamebakiza. Nikatafuta mtu wa haraka, nikampata, kwa sababu mtu wa haraka hakosekani. Akafungua. Hakukuwa na gland. Ulikuwa uvimbe na kovu la ndani, vinaondoka vyenyewe. Sasa yeye kashafungua, lazima atoe kitu. Akatoa mafuta mazuri yaliyotakiwa kubaki."

Nikamuuliza kama kinarekebishika.

"Wanasema wanaweza kupandikiza mafuta. Nimechoka visu." Akavaa shati, akafunga vifungo polepole. "Wewe umefanyiwa lini?"

Nikamwambia. Ilikuwa haijafika hata miezi mitatu.

Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Aliyekupasua anasemaje?"

"Sijarudi kwake."

"Hujarudi?"

"Sijarudi."

Akanitazama mimi, akatazama begi. "Yaani unavuka mpaka wa nchi, na daktari aliyekushona yuko Moshi, hujamuuliza?"

Ukilisikia jambo lako likisemwa na mdomo wa mwingine unaliona lilivyo.

Tukaenda kula. Alininunulia ndizi nyama kwa mama mmoja pale njiapanda, tukaongea mambo ya mahindi, ya watoto, ya shule. Ajabu ni kwamba yule mtu hakuwa na uchungu. Aliniambia anaogelea, anavua shati popote. "Shimo hili nimelizoea," alisema. "Lakini kama kuna mtu angenikalisha hivi siku ile, nisingekuwa nalo." Nikamwuliza kwa nini anahangaika kuwatafuta watu asiowajua mtandaoni. Akainua mabega. "Ni mstari mmoja tu wa kuandika."

Gari la Holili likapita tukiwa tunakula. Nikalisikia konda anaita. Nikaendelea na ndizi.

Nilirudi Moshi siku hiyo hiyo, nikaenda hospitali kabla hata ya kufika nyumbani, nikiwa na begi langu la Nairobi. Nikasubiri mpaka wagonjwa wenye miadi wakaisha.

Yule dokta mama akaniona. "Wewe kinyozi! Tulikusubiri kliniki mpaka tukachoka. Vua shati."

Akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Akaniuliza, "Singlendi yako iko wapi?"

"Nimeivua dokta. Joto."

"Na kazini ulirudi lini?"

Nikamwambia.

"Na kazi yako ni mikono iwe wapi?"

Nikanyanyua mikono kuonyesha. Nesi akacheka. Dokta hakucheka.

Akaleta sindano, akasafisha upande wa kushoto, akachoma, akavuta. Ikajaa maji ya rangi ya chai ya rangi. Kifua kikashuka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimebeba maji, wakuu! Maji ambayo yalitaka kuondolewa kwa sindano, mimi nilitaka kuyafuata na kisu Nairobi.

Kulia, ile gololi, akanieleza kuwa ni kovu linalojijenga ndani. Mwili ukikatwa unajaza pale palipokatwa, unajaza kwa fujo kwanza, halafu unapanga. Unaweza kuchukua nusu mwaka, kwa wengine mwaka mzima, mpaka palainike. Kukandwa kwa mafuta kunasaidia. Kubanwa kunasaidia. Subira inasaidia kuliko vyote.

Nikamwuliza lile swali langu la siku nyingi. "Dokta, una uhakika hukubakiza?"

Hakukasirika. Akasema, "Nilibakiza kidogo makusudi, chini ya chuchu, isije ikazama. Ningetoa yote ungekuwa na shimo."

Nikamkumbuka kaka Deo.

"Nipe mwaka," akasema. "Mwaka ukiisha ukaona bado hupendi, nitakufungua mimi mwenyewe. Ila sasa hivi sikugusi, na asikuguse mtu."

Nilirudi mara nyingine akavuta tena maji, kidogo zaidi. Baada ya hapo hayakurudi.

Nikaivaa singlendi. Vipele Judith alivitibu kwa kunifulia kila siku na kunishonea nyingine ya kubadilisha kwa fundi, ya kitambaa chepesi. Kila jioni ananikanda na mafuta ya nazi, vidole viwili, mzunguko mdogo mdogo, huku ananisimulia umbea wa kazini kwake. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikawa nauliza mwenyewe, leo yule mhasibu kafanya nini?

Saluni nilibadilisha kiti. Nikaweka kile kinachoshuka chini kabisa, nikawa namshusha mteja mpaka kichwa kinakuwa usawa wa tumbo langu, nanyoa viwiko vikiwa chini. Wateja wakalalamika wanakaa kama wanaungama. Wamezoea. Mgongo wangu ndio uliolalamika zaidi.

Kupungua kwenyewe hukuoni. Hicho niwaambie mapema walio kwenye hatua hii. Ukitazama kila siku huoni kitu. Eli ndiye aliyeona. Siku moja kanitazama kwenye kioo akiwa anafagia nywele, akasema, "Broo, umeacha kuinama." Kifua hakukitaja, na sidhani kama alikuwa anakifikiria. Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama wima, sina habari.

Sasa niseme ukweli wa sasa hivi, msije mkadhani natangaza hospitali.

Kulia kumetulia kabisa. Kushoto bado kuna uvimbe kidogo. Asubuhi kukiwa na baridi kifua ni bapa, safi. Mchana wa joto, au nikitoka kuoga maji ya moto, chuchu ya kushoto inajitokeza kidogo, inakuwa laini, imevimba kiasi cha wewe mwenyewe kujua. Mwaka ulipoisha nilienda kwa dokta kama tulivyoahidiana. Akaniuliza, "Nifungue?"

Nikafikiri kwa kweli. Nikamwambia, "Acha."

Akasema hata yeye asingeshauri. Tukapeana mkono.

Kilichonifanya niseme "acha" kilitokea wiki chache kabla, huko Uru. Nikisimulie halafu nifunge.

Mfereji wa kijiji ulikuwa umejaa tope na majani, maji hayafiki vihamba vya chini, yale mashamba ya migomba ya huko mteremkoni. Ukapigwa mwito wa kwenda kuuzibua, kila boma litoe mwanaume. Baba mgonjwa wa miguu, nikapanda mimi. Tulikuwa kundi zuri, wazee na vijana, na aliyekuwa anasimamia ni baba mdogo Aloyce, mdogo wake baba, mtu wa sauti kubwa.

Siku hiyo baridi ya Uru ilitusaliti. Jua likatoka, tope linaruka, wanaume wakaanza kuvua mashati mmoja mmoja na kuyatundika kwenye migomba. Nikabaki mimi peke yangu nimevaa, nimelowa tope hadi shingoni.

Baba mdogo akapaza sauti, "Wewe wa mjini, shati hilo unamwogopea mkeo kufua?"

Watu wakacheka. Nikasimama na koleo langu. Kulikuwa na joto, na nilijua kushoto kumejitokeza. Sijui ni nini kilinipata, labda uchovu. Nikavua, nikatundika.

Nikachimba. Baada ya muda baba mdogo akasogea, macho yake yakashuka kifuani.

"Hizo alama za nini?"

Ningeweza kusema jipu. Nikasema, "Nilipasuliwa, baba mdogo. Nilikuwa na matiti."

Makoleo yakasimama.

Baba mdogo akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kahawa. "Ahaa," akasema. "Mimi walinipasua ngiri." Akashusha suruali upande mmoja, akatuonyesha kovu refu kama njia ya siafu. Mzee mwingine akasema hiyo si kitu, akanyanyua mguu, akaonyesha alipong'atwa na panga akiwa anakata majani ya ng'ombe. Mwingine akainama tutazame kisogoni. Kijana mmoja akasema yeye ana kidole cha mguu cha sita, akavua buti. Kazi ilisimama muda mrefu wanaume wazima wakishindana makovu katikati ya tope, na langu lilikuwa dogo kuliko yote. Nilishindwa vibaya.

Baadaye baba mdogo akakumbuka kazi, akatutukana wote, tukaendelea. Maji yakapita mchana ule, yakashuka mpaka vihamba vya chini.

Nilivyorudi Njoro, Judith alinivua shati akashangaa. Kifua changu, ambacho tangu utoto kilikuwa cheupe kuliko mikono kwa kukosa jua, kilikuwa kimeiva rangi moja na uso.

Nimejifunza nini?

Uvimbe baada ya operesheni hii si ushahidi kwamba imeshindikana. Mwili una ratiba yake. Rudi kwa aliyekupasua kabla ya kwenda kwa anayejitangaza. Asiyeuliza umefanyiwa lini, mkimbie. Vaa hiyo singlendi hata kama unanuka. Na ukiona uvimbe mgumu upande mmoja, au chuchu inatoa majimaji, usisubiri ushauri wa humu wala wangu, nenda hospitali, maana hata wanaume wanapata saratani ya matiti.

Na lile la mwisho ni langu binafsi, lisiwe sheria kwa mwingine: nilitafuta kifua kama cha kwenye picha, nimepata cha kuzibulia mfereji. Nimeridhika nacho.

Yule kijana uliyefuta uzi, kama unasoma, nitafute. Wengine mliopitia haya au mnaoyapitia, wekeni yenu hapa chini, na maswali nitajibu nikipata nafasi kati ya kichwa na kichwa. Wa kucheka nao karibuni, ila mkimaliza kucheka mwacheni mwenzenu aulize.